Nani Aongoze Hoteli: Mkongwe wa Ndani, Meneja wa Kutoka Nje au Kampuni ya Uendeshaji?

Kiti cha meneja mkuu kikibaki wazi, mwenye hoteli hujikuta na mapendekezo ya aina tatu mezani. Kuna mkuu wa mapokezi aliyeingia kazini akibeba mizigo ya wageni na sasa anaijua nyumba nzima, kuanzia stoo hadi paa. Kuna meneja anayesifiwa kwenye hoteli nyingine, mwenye vyeti vyake na madai ya mshahara yanayolingana navyo. Na kuna kampuni inayosema tuachie tuendeshe, wewe utaletewa faida. Kila upande una watetezi, na kila mtetezi ana mfano wa hoteli iliyofufuka kwa njia yake.

Mifano hiyo mara nyingi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba hoteli ile ilikuwa na ugonjwa wake, na yako ina wake. Kabla ya kuuliza nani ni bora, uliza hoteli inavuja wapi: kwa mgeni anayelala humo, au kwenye bei na mauzo ambayo mgeni hayaoni? Majibu ya maswali haya mawili hupeleka kwenye watu tofauti kabisa. Nimeandika nikimfikiria mwenye hoteli ya vyumba kati ya 40 na 200. Nyumba ya wageni yenye vyumba 10 haihitaji mjadala huu. Mwenyewe ndiye meneja, na usiku wa shida ndiye mpokeaji pia.

## Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni huduma. Mgeni anaweza kulala siku tano asimwone meneja mkuu hata mara moja. Anaokutana nao ni mpokeaji, mhudumu wa chumba na mhudumu wa meza, na wanaowasimamia hao ni wakuu wa idara na wasimamizi wa zamu. Kwa hiyo usipime ucheshi wa kiongozi. Pima kama kazi itafanyika sawasawa saa nane za usiku, yeye akiwa amelala.

Cha pili ni mapato na gharama, na hapa idadi ya vyumba vilivyojaa hudanganya. Chukua hoteli ya vyumba 100. Ikiuza vyumba 80 kwa bei ya 100, mapato yake kwa kila chumba kilichopo ni 80. Ikiuza 60 kwa bei ya 130, ni 78. Ya kwanza inaonekana imeshinda, lakini imesafisha vyumba 20 zaidi, imefua mashuka yake na kutumia maji na umeme wake. Mhudumu mmoja kwa kawaida husafisha vyumba 12 hadi 16 kwa zamu, kwa hiyo hapo kuna kazi ya zaidi ya mtu mmoja kila siku. Inawezekana kabisa ya pili ndiyo iliyobaki na fedha zaidi. Kiongozi asiyeweza kukufanyia hesabu hii kwenye karatasi atajaza hoteli na kukuacha mkavu.

Vingine vitatu ni vyepesi kueleza: watu, yaani kama wafanyakazi waandamizi waliopo watabaki na watashirikiana, muda na gharama ya kuanza kuona matunda, na ugumu wa kurudi nyuma mambo yakiharibika. Hiki cha mwisho husahaulika sana, kwa sababu hakuna anayepanga kushindwa.

## Mkongwe wa ndani

Huduma. Hapa ndipo penye nguvu yake. Anajua ni chumba gani bomba lake hulia alfajiri, ni mgeni gani wa kila mwezi hataki ghorofa ya juu, na ni fundi gani wa lifti anayepokea simu Jumapili. Mfikirie usiku ambao hoteli imeuza vyumba vitatu kuliko ilivyo navyo. Mpokeaji mgeni kazini atawahamisha watatu watakaochelewa kufika, basi. Mkongwe ataangalia majina kwanza: huyu analala usiku mmoja tu na anaondoka alfajiri, anaweza kuhamishwa, huyu ana watoto, hapana, huyu kampuni yake hutuletea watu mwaka mzima, huyo usimguse. Kisha atapiga simu hoteli ya jirani, atalipia gari, na atampigia mgeni kabla hajafika mlangoni. Maarifa ya namna hiyo hayamo kwenye programu yoyote ya kuhifadhi vyumba.

Ubaya wake ni mazoea. Aliyepita kwenye zulia lile miaka 15 haoni tena kwamba limechakaa, na harufu ya ukumbini haimfikii. Viwango hushuka kidogo kidogo, na kwa kuwa alikuwepo wakati wote, hana siku moja ya kuionyesha kidole.

Mapato na gharama. Mara nyingi hapa ndipo anapopwaya. Aliyekulia jikoni anajua gharama ya sahani. Aliyekulia mapokezi anajua kuuza chumba cha bei ya juu zaidi kwa mgeni aliyesimama mbele yake. Kupanga bei za msimu mzima, kujadiliana na mawakala, kusoma faida ya kila idara, ni kazi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia takwimu za wauzaji katika kampuni 131 za Marekani, ulionyesha hatari hii: wauzaji hodari ndio waliopandishwa cheo zaidi, na kadiri mtu alivyokuwa muuzaji hodari kabla ya cheo, ndivyo timu yake ilivyoelekea kufanya vibaya baada ya cheo. Hizo hazikuwa hoteli, lakini yeyote aliyewahi kuona mpishi bora akigeuzwa mkuu wa jiko asiyejua kupanga rosta ataitambua picha hiyo. Dawa ipo, nayo ni kumpitisha kwenye uhasibu na mauzo kabla ya kumpa kiti. Wenye hoteli wengi hufanya kinyume: wanampa kiti, halafu wanashangaa.

Watu. Kupanda kwake kunawaambia walio chini kwamba ngazi ipo. Hilo lina thamani kubwa katika sekta ambayo watu huhama kazi kila msimu. Lakini wapo waliotarajia kiti hicho hicho, na wapo marafiki zake. Atamwonyaje anayemjua tangu wanalala chumba kimoja cha wafanyakazi? Sukari ikipotea stoo na mtunza stoo ni msimamizi wa harusi yake, hapo ndipo utajua kama umempata meneja.

Muda na gharama. Ndiye wa bei nafuu, na anaanza kazi siku hiyo hiyo. Ila kumbuka kwamba unajaza pengo moja kwa kufungua lingine. Nani atashika mapokezi? Kama jibu halipo, bado hujamaliza kuamua.

Kurudi nyuma. Hapa ni pagumu kuliko watu wanavyodhani. Akishindwa, hawezi kurudi mapokezi kama kwamba hakuna kilichotokea. Aibu itamwondoa, nawe utakuwa umepoteza meneja na mkuu wa mapokezi kwa mkupuo. Kaimu wa miezi sita, kwa barua inayosema wazi kwamba anaweza kurejea nafasi yake bila kupunguziwa heshima wala mshahara, hupunguza hatari hiyo sana.

Anaifaa hoteli inayoishi kwa wageni wanaorudi, yenye vyumba vinavyojaa kwa bei ya haki, ambayo haitaki mtikisiko.

## Meneja wa kutoka nje

Huduma. Anaingia na macho mapya. Wiki ya kwanza ataona zulia, taa zilizoungua na mhudumu wa meza anayesimama akimpa mgeni mgongo. Kama ametoka hoteli yenye viwango vilivyoandikwa, ataleta orodha za ukaguzi na mafunzo ya kila zamu. Asichonacho ni kumbukumbu ya nyumba. Miezi ya mwanzo atategemea kuambiwa, na ubora wa anachoambiwa unategemea wanaomwambia.

Mapato na gharama. Akiwa amechaguliwa vizuri, hapa huwazidi wengine wa bei yake. Tangu mwaka 1926, wenye hoteli wa New York walipotoa mfumo wa pamoja wa hesabu za hoteli, biashara hii ina namna inayokubalika ya kutenganisha mapato na gharama za vyumba, za chakula na vinywaji na za idara nyingine. Anayeujua mfumo huo anaweza kukuambia ndani ya mwezi kwamba mgahawa unaosifiwa na wote unakula faida ya vyumba. Anaweza pia kupunguza utegemezi kwa mawakala wa mtandaoni, ambao kamisheni yao mara nyingi ni asilimia 15 au zaidi ya bei ya chumba. Kwenye usaili, mpe hesabu zako za mwaka jana na umwache nazo saa moja. Hotuba yake ya mikakati unaweza kuisikiliza baadaye.

Mwogope anayeng'aa haraka mno. Kuahirisha matengenezo ya viyoyozi na kuwaondoa wazee wenye mishahara mikubwa hupandisha faida ya mwaka wa kwanza bila jasho. Hasara yake huja mwaka wa pili, kupitia malalamiko ya wageni, na huenda wakati huo yeye ameshapata kazi kwingine kwa sifa za mwaka ule wa kwanza.

Watu. Wakongwe hawampingi meneja mgeni kwa maneno. Humjibu ndiyo, halafu hawasemi kitu. Hawamwambii kwamba pampu ya pili haijawahi kufanya kazi, kwa sababu hakuuliza. Kiongozi mwerevu huanza kwa kukaa na kila mkuu wa idara peke yake na kumuuliza angebadili nini kama angekuwa na uwezo. Wengine huanza kwa kuleta watu wao, na hilo lina historia ndefu. Hoteli ya Savoy ya London ilifunguliwa mwaka 1889, na mwenyewe akamchukua César Ritz kutoka nje kuiendesha. Ritz alikuja na timu yake, akiwemo mpishi Auguste Escoffier, na Savoy ikapata jina kubwa. Mwaka 1898 wawili hao walifukuzwa, na baadhi ya wapishi wakaondoka nao. Timu inayomfuata mtu huja naye na huondoka naye. Mkataba hauwezi kuizuia.

Muda na gharama. Tegemea kulipa zaidi. Mwaka 2011 Matthew Bidwell wa chuo cha Wharton, Marekani, alichapisha utafiti alioufanya katika benki ya uwekezaji. Walioajiriwa kutoka nje walilipwa takribani asilimia 18 zaidi ya waliopandishwa kutoka ndani kushika kazi zinazofanana, na bado katika miaka miwili ya mwanzo tathmini zao za kazi zilikuwa chini. Benki na hoteli ni vitu viwili, ila sababu inayoeleweka ni ile ile: uzoefu wa mtu hausafiri wote, sehemu yake hubaki kwenye nyumba aliyoizoea. Basi usimhukumu kwa mwezi wa tatu, na usiahidi benki matokeo ya mwezi wa sita.

Kurudi nyuma. Kipindi cha majaribio na mkataba wa muda maalumu hurahisisha kuachana. Lakini marudio yana bei yake. Meneja wa tatu ndani ya miaka minne hukuta wafanyakazi walioamua kumsubiri apite kama waliotangulia.

Anaifaa hoteli ambayo wageni wanaisifu lakini haipati faida, au ambayo viwango vimelala na walio ndani hawaoni.

## Kampuni ya uendeshaji

Mwaka 1949 hoteli ya Caribe Hilton ilifunguliwa San Juan, Puerto Rico: jengo lilikuwa la serikali ya huko, kampuni ya Hilton ikaendesha na faida ikagawanywa. Utaratibu wa kutenganisha anayemiliki kuta na anayeendesha kazi umeenea tangu hapo, na leo unazikuta kampuni za majina makubwa na nyingine ndogo zinazoendesha bila kuweka jina lao mlangoni.

Huduma. Unapata viwango, mafunzo na wakaguzi wanaokuja bila taarifa. Unapoteza ile ladha ya nyumba yako, hasa ukichukua jina kubwa. Kwa wageni wengine hiyo si hasara hata kidogo. Wanataka kitanda wanachokijua.

Mapato na gharama. Kampuni kubwa huleta mtandao wa mauzo, wageni wenye kadi za uanachama na wataalamu wa bei ambao hoteli moja isingeweza kuwaajiri. Sasa soma upande wa pili. Ada ya msingi mara nyingi huwa kati ya asilimia 2 na 4 ya mapato yote, kisha ada ya motisha hutolewa kwenye faida ya uendeshaji. Angalia neno mapato. Hoteli ikiingiza 1,000,000 na ada ikiwa asilimia 3, kampuni inachukua 30,000 yake hata kama wewe umefunga mwaka kwa hasara. Juu yake kuna akiba ya kubadilisha samani na vifaa, ambayo mara nyingi huwekwa asilimia 4 ya mapato, na makato ya masoko na mifumo. Jadiliana ili ada ya msingi iwe ndogo na ya motisha iwe kubwa, maana hiyo ya pili ndiyo inayowafanya wajali faida.

Watu. Katika mikataba mingi wafanyakazi wanabaki kwenye malipo ya mwenye hoteli, huku meneja mkuu akiwa mtu wa kampuni. Meneja huyo atahamishwa baada ya miaka michache, atakuja mwingine, kisha mwingine. Kwa hiyo kumbukumbu ya hoteli inakaa kwa wakuu wa idara wako peke yao, na ni jambo la ajabu kwamba wenye hoteli wengi huacha kuwajali hao siku ile ile wanaposaini. Kwa mfanyakazi kijana mwenye bidii, kampuni ni fursa: ngazi yake haishii kwenye jengo moja. Kwako ina maana kwamba bora wako anaweza kupelekwa hoteli nyingine ya kundi hilo.

Muda na gharama. Mazungumzo ya mkataba huchukua miezi, na jina kubwa litadai ukarabati kabla ya kupandisha bendera yake. Bila mtaji wa ukarabati, usianze.

Kurudi nyuma. Hii ndiyo njia ngumu zaidi kutoka. Mikataba ya majina makubwa huenda miaka 10, 20 au zaidi, na kuivunja kuna fidia. Kinga yako ni kipengele cha kupima utendaji: kampuni ikishindwa kufikia faida ya bajeti na kubaki nyuma ya hoteli shindani kwa miaka miwili mfululizo, una haki ya kuachana nayo. Kisome na mwanasheria anayejua hoteli, kwa sababu mara nyingi kampuni hupewa nafasi ya kulipa upungufu na kuendelea. Kampuni zisizoweka jina lao hukubali mikataba mifupi zaidi.

Inamfaa mwekezaji asiyetaka kushinda hotelini, mwenye jengo kubwa linalohitaji wageni wa kutoka mbali.

## Njia zinaweza kuchanganywa

Mkongwe anaweza kupewa kiti huku mtaalamu wa bei akikodiwa kwa siku chache kila mwezi. Meneja wa nje anaweza kuajiriwa kwa sharti kwamba naibu wake ni wa ndani na kwamba kumwandaa naibu huyo ni sehemu ya kinachopimwa mwishoni mwa mwaka. Mchanganyiko huu wa pili naupenda kuliko yote, ingawa unahitaji meneja asiyeogopa kivuli cha naibu wake, na hao si wengi.

Na njia yoyote utakayoshika, waandamizi walio chini ya meneja wapewe mamlaka yanayoandikwa. Ritz-Carlton, kampuni ya hoteli za kifahari, inajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi yeyote kutumia hadi dola 2,000 kutatua shida ya mgeni bila kuomba ruhusa. Kiasi hicho si cha kuiga, weka unachokimudu. Msimamizi wa zamu wa miaka 20 ambaye hawezi kumsamehe mgeni bili ya chakula kilichoharibika bila kumwamsha meneja ni mshahara mkubwa unaolipwa kwa ajili ya kupokea malalamiko.

## Kulingana na hali yako

Kama wageni wanarudi, bei yako iko sawa na meneja anaondoka kwa kustaafu, mtazame kwanza wa ndani. Mpe ukaimu, mpitishe kwenye uhasibu, na uandae wa kushika nafasi yake kabla ya kutangaza.

Kama wageni wanasifu na benki inalalamika, tafuta wa nje anayejua bei na hesabu za idara, na umpe angalau miaka miwili.

Kama wageni wanalalamika na walio ndani wanasema mambo ni shwari, wa nje pia, lakini mchague kwa rekodi ya kufundisha watu. Anayejulikana kwa kubana matumizi hapa ataongeza moto.

Kama kuna wizi au makundi yanayogombana, usimpe mkongwe kiti hata akiwa mwaminifu. Utamlazimisha achague kati ya kazi na watu wake wakati ambapo bado hana nguvu ya cheo.

Kama unafungua hoteli mpya, huna mkongwe wa kumpandisha. Kwa jengo kubwa zungumza na kampuni mbili au tatu, na uwaulize wenye hoteli zinazoendeshwa nazo kuhusu hesabu za mwaka mbaya. Kwa jengo dogo, ajiri meneja miezi kadhaa kabla ya ufunguzi ili achague wakuu wa idara mwenyewe.

Kama huna muda wa hoteli lakini huna pia mtaji wa ukarabati, jina kubwa halitakufaa kwa sasa. Kampuni isiyoweka jina, kwa mkataba mfupi, inaweza kufaa.

Na kama hujui hoteli inavuja wapi, weka kaimu wa ndani kwa miezi sita, na katika miezi hiyo lipa mhasibu wa nje akutengenezee faida na hasara ya kila idara. Karatasi hiyo ikiwa mezani, waite tena wale watatu na umwombe kila mmoja aisome mbele yako.